Somo lisilokuwa na daftari



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii twataka kuzungumza nanyi juu ya watoto ambao ripoti zao za shule huwahuzunisha wazee wao. Twajua kuwa ripoti hizo zimekwisha kuingia katika nyumba nyingi, na katika baadhi ya nyumba yamekwisha kutamkwa maneno ambayo hayarudi tena kinywani. Tunawaomba akina mama na akina baba watupe nafasi kidogo kabla hawajaongeza neno jingine.

Muhula uliopita, alasiri moja baada ya sala, alitujia barazani mama mmoja ameandamana na mwanawe wa kiume aliye katika Gredi ya 7. Mkononi alikuwa na bahasha. Tulipokwisha kusalimiana alitoa ripoti akatukabidhi bila ya kusema kitu. Masomo manne yalikuwa yameandikiwa "chini ya matarajio", Hisabati na Kiingereza yakiwamo. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba kijana ni mtulivu lakini hashiriki.

"Sheikh," alisema yule mama, "babake yuko Uarabuni, ni dereva. Jana usiku ametuma ujumbe. Asema kama kichwa hakishiki, haoni faida ya kuendelea kulipa. Mtoto atolewe apelekwe gereji kwa mjombake akajifunze kazi. Mimi moyo wangu haujakubali, lakini sina la kumjibu. Nimekuja uniambie kweli: huyu mwanangu ni mjinga?"

Kijana alikuwa ameketi papo hapo, macho yako mkekani, akisikia kila neno.

Sisi tunamjua kijana huyu. Aliingia chuoni kwetu akiwa na miaka mitano, na leo amehifadhi juzuu tano za Qur'ani. Mtu aliyebeba juzuu tano kifuani haambiwi kuwa kichwa chake hakishiki. Tulimwambia mama hivyo, tukamwomba amwache kijana akae nasi mpaka Magharibi, na kesho yake arudi na daftari zake.

Kilichomwangusha

Siku ya pili tulifungua naye daftari la Hisabati. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi, hesabu zimepangwa, alama za vyema zimejaa. Kisha ilianza mada mpya, na kuanzia hapo kurasa zikawa nusu nusu: swali limenakiliwa, jibu halipo.

"Hapa ndipo ulipokwama, mwanangu?"

"Ndipo, Maalim."

"Ulimuuliza mwalimu wako?"

Akatikisa kichwa.

"Na wenzako?"

Akatikisa tena.

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilinyamaza."

Tukamuuliza kazi ya nyumbani huifanya saa ngapi. Akasema ni baada ya Isha, akisha kula, televisheni imewashwa na ndugu zake wadogo wanacheza. Mara nyingi usingizi humchukua kalamu ingali mkononi. Tukamuuliza zile karatasi za majaribio zilizorudishwa na walimu ziko wapi. Hakujibu upesi. Baadaye alisema kuwa huzichana njiani ili mamake asizione.

Hapo tukaiona shida ilipokaa. Mada ile ya Hisabati ingeweza kufahamika kwa robo saa. Kijana aliangushwa na mambo matatu yasiyomo katika kitabu chochote cha mkoba wake: hakujua namna ya kuuliza, hakujua namna ya kupanga wakati wake, na hakujua afanye nini akisha kukosea. Kila siku alifika darasani akiwa na mzigo wa jana ambao hakuutua, na mwalimu akampa wa leo.

Wataalamu wa malezi huyaita mambo haya stadi za maisha. Hayana mtihani wake peke yake, lakini humo ndani ya kila mtihani. Mwenye kuyapata huweza kufaidika na mwalimu wa kawaida na kitabu cha kawaida. Mwenye kuyakosa anaweza kupelekwa katika shule ya ghali, na bado akaketi nyuma akanyamaza. Wanazuoni wetu walikwisha kuyajua zamani, wakayaita adabu za kutafuta elimu. Imepokewa kuwa Imam Malik alipokuwa mdogo, mamake alimvisha vizuri, akamfunga kilemba, kisha akamtuma kwa mwanachuoni Rabi'a na kumwusia ajifunze adabu zake kabla ya kujifunza elimu yake. Mama huyo alijua kuwa elimu huhitaji chombo cha kuipokelea.

Tulilomfundisha sisi

Inatupasa sasa kuungama jambo, maana si haki kuwanyooshea wazazi kidole na sisi tukajificha.

Tulimuuliza kijana kwa nini hakumuuliza mwalimu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kwani kuuliza si utovu wa adabu, Maalim?"

Tukamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Akatutazama kwa mara ya kwanza tangu afike, na tukakumbuka.

Alikuwa bado mdogo, hata meno ya mbele hakuwa nayo. Tulikuwa tukisomesha Suratush-Shams, na yeye akanyoosha kidole kwenye herufi ya lamu akauliza: kama haisomwi, mbona imeandikwa? Watoto walikuwa wengi siku ile, Magharibi ilikuwa imekaribia, nasi tulikuwa na haraka. Tulimwambia: "Soma, usiulize-ulize." Wenziwe wakacheka. Sisi tulilisahau neno hilo kabla ya adhana. Yeye alilibeba miaka yote hiyo, akalipeleka shuleni, na likamfunga ulimi mbele ya walimu ambao hatujawahi hata kuonana nao.

Astaghfirullah. Tunalisema hili mbele yenu kwa sababu tunaamini kuwa hatuko peke yetu. Katika majumba yetu ya Pwani mtoto mwema husifiwa kwa ukimya wake. Wageni wakija twasema, "Mtoto huyu hana maneno." Heshima ni tunu yetu na hatutaki ipotee. Lakini tumeichanganya heshima na woga, na mtoto akaondoka na vyote viwili bila ya kujua kipi ni kipi.

Dini yetu yasemaje

Tukiirudia dini yetu tutaona kuwa haikutufundisha ukimya wa namna hiyo. Katika hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Sayyidna Umar (R.A.), Malaika Jibril (A.S.) alikuja katika sura ya mtu, akaketi karibu sana na Mtume (S.A.W.) hata magoti yakakutana, akauliza juu ya Uislamu, imani, ihsani na Kiyama. Alipoondoka, Mtume (S.A.W.) aliwaambia sahaba kuwa huyo ni Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Alifundisha kwa kuuliza. Na mkao wake pia ni somo: aliketi kwa utulivu na unyenyekevu, na maswali yake yakaja moja baada ya jingine. Naye Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza mpaka wakaifahamu dini. Basi haya na kuuliza vyaweza kukaa katika kifua kimoja.

Tazameni pia habari ya Nabii Musa (A.S.) katika Suratu Taha. Alipotumwa kwa Firauni hakuficha udhaifu wake. Alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amsahilishie kazi yake, na amfungue fundo lililokuwa katika ulimi wake. Kisha akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, na katika Suratul-Qasas akakiri kuwa Harun ni fasaha kumliko yeye. Huyu ni Mtume miongoni mwa mitume wakuu. Aliijua kazi yake, akakijua kinachompungukia, na akaomba msaada kwa kuutaja. Laiti mwanafunzi wetu wa Gredi ya 7 angefundishwa hayo tu, daftari lake lisingebaki nusu nusu.

Na anayetaka kujua namna ya kuyafundisha haya, aisome Suratu Luqman, kuanzia aya ya 13 hadi ya 19. Luqman alianza kwa kumkataza mwanawe shirki, akamwusia sala na subira juu ya yale yatakayompata, kisha akashuka mpaka kwenye mambo ambayo sisi tungeyaona madogo: asiwageuzie watu uso kwa kiburi, awe wa kiasi katika mwendo wake, ateremshe sauti yake. Tauhidi na namna ya kuzungumza na watu vimo katika wasia mmoja. Na mara tatu katika wasia huo alimwita mwanawe kwa lile jina la mapenzi ambalo Waarabu humwitia mtoto mdogo. Hakuanza kwa kumwita mjinga.

Kutoka Michigan hadi Mombasa

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni mawaidha, na shule yataka alama. Basi tutoe mfano uliopimwa.

Mwaka 1962, katika mji mdogo wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, walimu walianzisha shule ya chekechea kwa watoto wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto waliochunguzwa walikuwa 123: 58 waliingizwa katika shule hiyo na 65 hawakuingizwa, ili hali za makundi mawili zilinganishwe. Watoto walifundishwa kupanga wenyewe watakachofanya, kukifanya, kisha kueleza walivyokifanya. Kila wiki mwalimu alimtembelea mama nyumbani. Mwanzoni watoto wa shule hiyo waliwapita wenzao katika majaribio ya akili, lakini baada ya miaka michache ya msingi tofauti hiyo ilififia. Watu wangeweza kusema kazi ilikuwa bure.

Lakini watafiti waliendelea kuwafuatilia mpaka walipofika umri wa miaka 40. Waliosoma katika chekechea ile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wenye kazi walikuwa wengi zaidi, na waliowahi kukamatwa na polisi walikuwa wachache zaidi. James Heckman, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alizipitia takwimu hizo pamoja na wenzake, wakaona kuwa sehemu kubwa ya faida ilitokana na tabia: watoto walikuwa wamejifunza kuzuia ghadhabu na kuipenda kazi ya kujifunza.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa hapa Pwani waliomba msaada ili watoto wao waandaliwe kwa shule bila ya kupoteza dini na mila zao. Kwa kusaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mjini Mombasa mpango wa madrasa za chekechea, na mwalimu wetu Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa walioushika tangu mwanzo. Mtaala wake uliichukua ile njia ya Michigan ya kupanga, kutenda na kueleza, ukaichanganya na Qur'ani, hadithi na nyimbo zetu, na vifaa vikawa vifuu vya nazi, kombe za pwani na mbegu. Waliosomesha walikuwa akina mama wa mitaa ile ile. Mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Basi mwenye kudhani kuwa stadi hizi ni mtindo mpya wa kigeni, ajue kuwa mama zetu walizisomesha kwa vifuu vya nazi.

Na shule za leo pia zinazitaka. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeweka umilisi saba wa msingi, na miongoni mwake ni mawasiliano na ushirikiano, kujiamini, na kujifunza namna ya kujifunza. Wazazi wengi twaujua mtaala huu kwa kutumwa kadibodi na gundi saa mbili za usiku. Tumezoea kulalamikia kadibodi, wala hatuulizi mtoto alitakiwa ajifunze nini kwa kadibodi ile.

Kwanza tujue kama mtoto ni mzima

Kabla ya kumfundisha mtoto stadi yoyote, tuhakikishe kuwa hana maradhi au upungufu uliojificha. Asiyeona ubaoni hataki mawaidha, ataka miwani. Asiyesikia sawasawa huonekana mkaidi. Aliyekwenda shule na njaa husinzia. Na wako watoto wenye akili timamu ambao herufi huwachanganya. Kusoma kwao ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Serikali ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, na mwalimu mkuu wa shule ya umma aweza kumwelekeza mzazi. Kumpeleka mtoto huko si aibu. Aibu ni kumpiga kwa jambo asiloliweza. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na sisi walimu wa vyuo tusijifanye kuwa hatukuisikia.

Namna ya kuzifundisha

Akina mama, nyinyi mwajua njia hii kuliko sisi. Mtoto hufundishwaje kusukuma chapati? Hutazama kwanza. Kisha huwekewa donge moja dogo pembeni. Ya kwanza hutoka kama ramani, na hapana anayemwambia kuwa hana kichwa cha chapati. Mamake huicheka kidogo, huikaanga hiyo hiyo, na husema, "Sukuma nyingine." Stadi za shule hufundishwa vivyo hivyo: kuonyesha, kufanya pamoja, kumwachia, na kumrekebisha kwa upole. Kumwambia mtoto "jiamini" au "kuwa na bidii" ni sawa na kumpa mchi wa chapati gizani.

Tuanze na kuuliza. Mfundisheni mtoto maneno matatu ya kumwambia mwalimu: "Mwalimu, nimefahamu mpaka hapa. Hapa ndipo nilipopotea. Tafadhali nionyeshe tena." Maneno hayo yana heshima ndani yake, na humsaidia mwalimu kwa kuwa humwonyesha pa kuanzia. Kisha yafanyieni mazoezi nyumbani. Mama awe mwalimu, mtoto awe mwanafunzi, halafu wabadilishane. Kama bado anaona haya kuuliza mbele ya darasa, amfuate mwalimu mwishoni mwa kipindi. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Lakini kuuliza pia kwataka mazoezi.

La pili ni wakati. Sisi Waislamu tuna neema ambayo wengine huitafuta: siku yetu imekwisha kugawanywa kwa sala tano. Mtoto asiambiwe "soma baadaye", maana baadaye haina adhana. Muda ulio baina ya Magharibi na Isha ni saa moja na zaidi kidogo, na akili haijachoka sana. Saa hiyo na iwe ya daftari. Televisheni izimwe, simu ziwekwe mbali, na za wakubwa pia. Kabla ya kuanza, mtoto aseme atafanya nini. Akimaliza aseme amefanya nini na nini kimebaki. Hapo atakuwa amejifunza kupanga, kutenda na kueleza.

La tatu ni kukosea. Mtoto akileta karatasi yenye makosa, neno la kwanza la mzazi ndilo litakaloamua kama karatasi ya pili itafika nyumbani au itachanwa njiani. Mpokeeni, ketini naye, mchague kosa moja tu, mlitengeneze pamoja mpaka lifahamike. Anas bin Malik (R.A.), ambaye mamake Ummu Sulaym alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto, alimtumikia miaka kumi. Alieleza kuwa katika muda wote huo Mtume (S.A.W.) hakumwambia hata neno la kuguna, wala hakumlaumu kwa alilofanya akamwuliza kwa nini amelifanya. Ni nani kati yetu awezaye kusema hivyo juu ya wiki moja tu?

La nne ni kusikiliza na kushirikiana. Nyumbani mtoto aulizwe, "Leo mwenzako gani alisema jambo zuri darasani?" Swali hilo humfundisha kutega sikio. Na apewe kazi ya kufanya pamoja na nduguye, kama kupanga vyombo au kwenda dukani na kurudi na hesabu ya chenji, ili ajue kugawana kazi bila ya ugomvi.

Kwa watoto wa chuo tuna jambo la ziada. Kijana wetu alihifadhi juzuu tano kwa njia gani? Alichukua aya chache kila siku, akazikariri, akamsomea mtu, akarudia za jana kabla ya kuongeza za leo. Hiyo ndiyo muraja'a. Hakuna aliyemwambia kuwa njia hiyo hiyo yafaa kwa Hisabati na kwa msamiati wa Kiingereza. Tulipomwambia alishangaa, kama mtu aliyeambiwa kuwa ufunguo wa nyumbani kwao hufungua na mlango wa pili.

Na akina baba wasidhani kuwa haya ni ya akina mama peke yao. Baba aliye safarini aweza kupiga simu saa ya daftari akauliza, "Leo umejifunza kuuliza nini?" kabla ya kuuliza alama.

Habari ya kijana

Tulimwomba mama atuunganishe na mumewe kwa simu. Hatukuidharau gereji, kazi ya mikono ni kazi ya heshima, na mafundi hodari ni hazina ya mji. Tulimwambia jambo moja: mtoto asiyeweza kuuliza, asiyejua kupanga wakati, na mwenye kuficha makosa yake, atashindwa na gereji pia, na huko kosa la kufichwa laweza kuwa breki za gari la watu. Akimtoa shule leo, atakuwa amehamisha shida tu kutoka darasani kwenda chini ya gari, na katikati ya safari hiyo ziko maskani na muguka. Baba alinyamaza, kisha akasema atampa mihula miwili.

Mama amefanya kazi. Televisheni yao huzimwa Magharibi. Walifanya mazoezi ya yale maneno matatu jikoni kwa wiki nzima, na ndugu wadogo wakayashika pia. Siku aliponyanyua mkono darasani mara ya kwanza, anasema, sauti ilitetema, lakini mwalimu alirudi ubaoni akaeleza upya, na wenzake wawili waliokuwa nyuma wakaandika haraka. Kumbe nao walikuwa wamenyamaza.

Ripoti ya muhula huu imefika. Hajawa wa kwanza. Masomo mawili kati ya manne yamepanda hadi "kukaribia matarajio", mawili yamebaki pale pale. Mwalimu ameandika kuwa ameanza kushiriki. Mama ameituma picha yake Uarabuni, na kijana ameikubali itumwe.

Nasi tulikuwa na deni. Tulimwita mbele ya darasa la chuo, tukafungua msahafu kwenye Suratush-Shams, tukawaambia watoto kuwa mwenzao aliuliza swali zuri miaka mingi iliyopita na Maalim hakumjibu. Tukaeleza: lamu imeandikwa kwa sababu ni sehemu ya neno, lakini herufi inayoifuata hutamkwa karibu na mahali pake pale pale mdomoni, kwa hiyo lamu huingia ndani ya jirani yake na ulimi hupata wepesi. Herufi za namna hiyo ni kumi na nne. Watoto wakaanza kuzitafuta katika ukurasa, kelele ikawa kubwa, na mmoja wa wadogo akanyanyua mkono akauliza kwa nini basi lamu ya neno al-qamar husomwa.

Siku hiyo Magharibi ilitukuta tukijibu.

Wasomaji wetu, kazi ya wiki hii ni moja. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mzazi aketi na mtoto wake mmoja, amuulize ni mahali gani shuleni alipokwama akanyamaza. Kisha amsikilize mpaka mwisho, asimkatize.

Ewe Mola wetu, wakunjulie watoto wetu vifua vyao, uwafungue mafundo ya ndimi zao, na utusamehe sisi tuliyoyafunga kwa haraka zetu. Uwape elimu yenye manufaa na tabia njema, na ujaalie majumba yetu yawe mahali ambapo mtoto haogopi kusema "sijafahamu". Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.